Ubao wa Kaya Bora na Safu Tuliyoifuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyekalia kiti pekee chenye mto, Ndugu Meneja wa Karakana yetu ya Mizani, Ndugu Mshauri wa Mambo ya Fedha, ambaye hii ni mara yako ya saba kualikwa hapa na mara yako ya saba kulipwa, viongozi wa chama cha wafanyakazi, wafanyakazi wenzangu wa benchi, wa stoo, wa mihuri na wa ofisini, ndugu wageni waalikwa, mume wangu, fundi rangi, uliyevaa koti lile lile nililokuomba usivae, wanangu wawili, na wewe, mizani kubwa ya jukwaa, uliyefunikwa kitambaa cha meza pale kwenye kona kwa sababu wanaume sita wameshindwa kukuhamisha: habari za mchana.

Kaeni, kaeni. Nimeambiwa nina dakika kumi. Nimefanya kazi katika jengo hili miaka thelathini na tatu, na katika miaka hiyo nimesikiliza hotuba za mameneja watano, wote wakianza na "sitawachosha". Mimi nitawachosha kidogo, na sioni haya kulisema.

Nimesikiliza sifa zangu. Katibu wa chama amesema mimi ni taa. Meneja amesema mimi ni nguzo. Ndugu Mshauri, kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto, amesema mimi ni mfano hai wa kaya iliyojiandaa kustaafu, akaomba mnipigie makofi, nanyi mkapiga mpaka vijiko vikaruka mezani. Wakati wa makofi nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Huyu mzee amepaka rangi kuta za watu miaka arobaini, na anaujua vizuri ukuta uliopakwa rangi juu ya unyevu.

Kisha nikakabidhiwa hii hapa. Ngao. Imeandikwa kwa herufi za dhahabu: "Kaya Bora, Miaka Sita Mfululizo." Nikiipima kwa mkono, nasema ni gramu mia saba na ishirini, na nyingi kati ya hizo ni mbao ya kawaida iliyopigwa vanishi. Naiweka hapa mbele yenu. Tutairudia.

Kwa faida ya wageni, niseme kidogo kazi yetu ni nini. Mizani yote ya biashara mjini huletwa hapa mara moja kwa mwaka: ya muuza nyama, ya muuza mkaa, ya duka la dawa, hata ya zahanati inayopimia watoto wachanga. Tunaweka juu yake mawe yetu ya kupimia, tunaona kama inasema kweli, na ikisema kweli tunaifunga kwa waya na kipande cha risasi kilichogongwa muhuri. Bila ule muhuri huuzi hata kitunguu. Mimi naitwa Mama Gramu, na msidhani jina hilo nilipewa kwa mapenzi. Alinipa muuza nyama mmoja, siku niliyomkuta amebandika kipande cha sumaku chini ya sahani ya mizani yake. "Mama, ni gramu arobaini tu!" akapiga kelele. "Gramu arobaini zinakuuma nini?" Nikamwambia, "Mimi haziniumi. Zinamuuma aliyetumwa nyama na mama yake." Mizani yake ilikaa stoo kwetu miezi mitatu.

Na kuna jambo moja ambalo mtu akiajiriwa hapa huambiwa kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Chombo kitupu kwanza. Mtu akileta ndoo ya mafuta, unapima ndoo tupu, unaandika, unapima ndoo na mafuta, unaandika, unatoa. Usipotoa, umemuuzia mteja ndoo kwa bei ya mafuta. Ndiyo kazi yetu yote hiyo. Tumewatoza watu faini kwa sababu hiyo, tumewafungia maduka kwa sababu hiyo, na mtu mmoja alilia pale mlangoni mpaka akaletewa maji, na bado hatukumwachia.

Sasa niwaambieni sisi hao hao tulifanya nini.

Miaka saba iliyopita aliletwa Ndugu Mshauri. Semina ya siku mbili, kalamu za bure, mifuko yenye nembo. Alisimama pale pale niliposimama mimi, akatwambia kwamba mtu mwenye miaka arobaini na kitu, hamsini na kitu, ndiye aliye hatarini kuliko wote: nguvu zimeanza kupungua, watoto bado wanasoma, wazazi wameanza kuugua, na kustaafu kunakuja huku yeye hajui ana nini. Kila kaya ijipime, akasema. Andika ulichonacho. Toa unachodaiwa. Kinachobaki ndiyo mali yako. Kigawe kwa mshahara wako wa mwaka. Kwa kipimo chake yeye, mtu wa miaka arobaini awe na mara tatu, wa hamsini awe na mara sita. Na akasema mjilinganishe na wenzenu wa rika moja, maana mtu akiwa peke yake na kalamu yake hujipendelea.

Niseme kweli, sina ugomvi na hesabu ile. Ilikuwa na akili. Ilikuwa ni ile ile ya ndoo na mafuta, na nilikaa pale kwenye kiti nikijiuliza kwa nini nimelipiwa semina kufundishwa kazi yangu.

Basi, kwenye chumba cha chai, pembeni ya sinki, tukaweka ubao. Safu nne: jina la utani, mali, madeni, kinachobaki. Tulikuwa watu ishirini na wawili wa rika lile. Kila mmoja akaandika kwa chaki, kwa mkono wake. Tulipomaliza tukarudi nyuma tukatazama. Ndugu zangu, hakuna aliyefika mara mbili. Wanane walikuwa chini ya sifuri, na mmoja wa hao wanane leo ameketi meza kuu na amevaa tai nyekundu. Birika la umeme lilichemka, likajizima lenyewe, na hakuna aliyeinuka kumimina chai. Tuliona aibu, tuliogopa, na tulikuwa sahihi kuogopa. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona kipimo kilichosema kweli kama kile.

Kilidumu mwaka mmoja.

Mwaka wa pili, siku ya kuandika upya, Ndugu Meneja akasafisha koo. Nakumbuka maneno yake, maana nilikuwa nimeshika kikombe na kikombe kikatulia njiani. Alisema, "Jamani, hii safu ya madeni inavunja watu moyo. Kwa nini tusiangalie mazuri?" Ndugu Mshauri alikuwepo. Mnajua alisema nini? "Motisha ni muhimu." Mtu akashika dasta, akafuta safu ya madeni kutoka juu mpaka chini. Huyo mtu wa dasta nitamtaja, msiwe na haraka.

Hebu litazameni jambo hilo vizuri, wageni wetu. Mafundi mizani ishirini na wawili, wenye vyeti, wenye mihuri ya serikali mifukoni, walikubaliana kwa kauli moja kupima ndoo pamoja na mafuta. Angekuja muuza mkaa na kipimo kama kile tungemfukuza kama mbwa. Sisi tulipigiana makofi, tukamimina chai, na mtu akaleta biskuti.

Baada ya hapo ilikuwa sarakasi tupu. Kaya zikaanza kunenepa. Dereva wetu akaandika gari ambalo halijawaka tangu mwanawe aanze shule, na sasa kuku wa jirani wanataga ndani yake. Alipoulizwa akasema thamani ya gari ni bodi. Bwana na bibi fulani, mmoja wa benchi na mwingine wa mihuri, waliandika kiwanja kile kile, kila mmoja kwa jina lake, wakawa wa tatu na wa nne, na wakakaa mwaka mzima hawaulizani. Bwana Stoo ndiye aliyenimaliza kabisa. Aliandika nyumba ya mama mkwe wake. Nikamuuliza, "Shemeji, mama mkwe amefariki lini? Mbona hatukuchanga?" Akasema, "Hajafariki, lakini ana sukari." Habari zikamfikia yule mama. Akaja hapa kwa miguu yake miwili, akapanda ngazi bila kushika ukuta, akasimama mbele ya ubao akasoma, akamgeukia mkwewe akamwambia, "Baba, na mimi nimekuandika kwangu. Nimekuandika chini ya hasara." Bwana Stoo, usicheke sana, shati linakubana.

Na ikawa lazima kuwe na sheria. Wa kwanza anapata ngao na kile kiti cha dirishani, chenye upepo. Wa mwisho anaosha vikombe vya chai vya watu wote, mwaka mzima. Watu wazima, wenye mvi, waliokwisha kuozesha, wakaanza kukopa ili wasioshe vikombe. Msidhani natia chumvi. Karani wa mihuri alichukua mkopo wa seti ya makochi mwezi wa kumi na moja ili yaingie ubaoni mwezi wa kumi na mbili. Makochi yale bado yana nailoni. Wageni wake wanakaa kwenye nailoni wakijikunja kama samaki, na yeye bado anakatwa.

Meneja, naona unaangalia saa. Saa hiyo nayo ulishawahi kuiandika ubaoni.

Tuje kwa Risasi. Simama, mdogo wangu, wageni wakuone. Haya, kaa, asante. Huyu ndiye anayefunga waya na kugonga muhuri wa risasi, ndiyo maana tunamwita hivyo. Ana miaka arobaini na minane. Mkewe ni yule wifi yangu aliyekaa karibu na mlango, fundi cherehani, mwenye kitambaa cha kijani. Wana nyumba ya vyumba viwili na sebule waliyoijenga miaka tisa, tofali kwa tofali, bila kukopa. Wana binti aliye chuoni. Michango yake ya kustaafu ya miaka ishirini na moja imekaa, haijaguswa.

Tulipofuta safu ya madeni, Risasi aliirudisha. Kwenye mstari wake peke yake. Alichora kisafu kidogo kwa penseli, akaandika deni la vitambaa vya mkewe, la ada ya binti, kila kitu, akatoa, akaandika kinachobaki. Mwaka wa kwanza tulidhani hakuelewa. Mwaka wa pili tukamwambia waziwazi, "We Risasi, safu hiyo ilishatoka." Akasema, "Mimi nimezoea kutoa." Basi. Hakusema zaidi ya hapo, na mwaka uliofuata akachora tena.

Bila shaka akawa wa mwisho. Miaka sita. Miaka sita ameosha vikombe vyenu, na vyangu, na tukamwita Mkia, na wengine wenu mlizima sigara kwenye vikombe ili muone kama atanuna. Siku moja binti yake alipita hapa kumletea baba funguo, akamkuta amekunja mikono ya shati, ana povu mpaka kwenye viwiko, na mtu mmoja dirishani akamwambia yule mtoto, "Baba yako ndiye bingwa wetu wa sabuni." Chumba kizima kikacheka. Yule mtoto aliweka funguo juu ya friji akaondoka bila kuaga. Mtu huyo wa dirishani alikuwa mimi. Kiti cha dirishani kilikuwa changu, kama mjuavyo.

Sikilizeni vizuri, maana sasa ndiyo nimefika nilikokuwa nakuja.

Wiki mbili zilizopita Risasi alinijia kwenye benchi. Alikuwa na fomu. Mkopo wa kununua nyumba ya vyumba vinne ya kupangisha, nyumba ambayo haijaezekwa. Dhamana ni nyumba anayolala na kiinua mgongo chake chote. Fomu alipewa na Ndugu Mshauri, ambaye, kama hamkujua, hupata chake kwa kila fomu inayosainiwa. Usinyanyuke, Ndugu Mshauri. Kaa. Umelipwa mpaka saa kumi.

Risasi akaniambia, "Dada, nimechoka kuosha vikombe. Si vikombe, unanielewa. Binti yangu haniangalii. Mke wangu ananiuliza kila siku, Mama Gramu alifanyaje? Mnapata mshahara karibu sawa, mbona yeye ni wa kwanza na wewe ni wa mwisho? Sasa nimeamua nifanye ulivyofanya wewe." Fomu ilihitaji shahidi, mfanyakazi mwenzake wa zaidi ya miaka kumi. Akanipa kalamu.

Ningemwambia pale pale. Neno moja lingetosha. Lakini ili nimwambie asisaini, ilibidi nimwambie mimi nilifanyaje. Nikaangalia fomu, nikaangalia dirisha, nikasaini. Jina langu lote, kwa mwandiko wangu mzuri. Mimi, ambaye sikumsamehe mtu gramu arobaini, nilimwachia mdogo wangu akaenda na maisha yake yote kwa sababu nilikuwa naona haya.

Fomu hiyo iko kwenye mfuko wa ndani wa koti lake sasa hivi. Ndugu Mshauri amemwambia amkabidhi leo leo, baada ya hafla, ili Jumatatu asubuhi iwe benki.

Basi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zangu wote, mlitaka kujua mfano hai alifanyaje. Dasta niliishika mimi. Safu ile niliifuta mimi, kwa mkono huu huu, kwa sababu mwaka ule wa kwanza mimi nilikuwa mmoja wa wale wanane. Nilipofuta madeni nikajiona mtu mwenye nyumba, mwenye duka la vipuri, mwenye kila kitu. Nikapenda kujiona hivyo. Nikakopa kuongeza ghorofa. Nikakopa kulipa mkopo wa ghorofa. Duka la vipuri lilifungwa miaka minne iliyopita na kila mwaka nililiandika ubaoni, pamoja na rafu zake. Ubaoni nilikuwa na mara tisa. Mara tisa! Hakuna hata mmoja wenu, watu mnaoweza kugundua punje ya mchele kwenye sahani, aliyeniuliza ndoo iko wapi. Mliniamini kwa sababu nikiwa mimi mkweli, basi na ninyi hamkuwa waongo sana.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi ya mafao. Karani wa pale ni kijana mdogo, mstaarabu, alinigeuzia karatasi ili nisome mwenyewe. Nikauza nyumba, kwa kalamu tu. Nikalipa ninachodaiwa. Nikaongeza kiinua mgongo, nikatoa ambacho benki inakisubiri mlangoni. Kilichobaki ni mishahara ya miezi kumi na moja. Haifiki hata mara moja ya mwaka, ndugu zangu, na hapo nimeshauza paa la kulalia. Nina miaka sitini.

Nilimwambia mume wangu Jumapili, tukila. Hakuwa anajua. Alikuwa anajua kuna unyevu, lakini hakujua ni ukuta mzima. Akaniuliza, "Kwa hiyo miaka sita nimekuwa nikiishi na bingwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi bingwa, nisogezee chumvi." Akala akamaliza. Kisha akatoka uani, na nilipomfuata nikamkuta ameloweka brashi zake kwenye kopo. Ana miaka sitini na minne na magoti yake yameisha. Brashi zile alikuwa ameshaziweka kando, ameshaziaga kabisa, mwaka jana. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumia namna ile kwa kutazama kopo la brashi.

Kwa hiyo msinitakie mapumziko mema. Jumatatu nina meza sokoni, karibu na wauza nafaka, natengeneza mizani ndogo za mikono. Mkipita mnisalimie, mkiwa na mizani mbovu mniletee. Nitatoza.

Halafu nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya miaka sita iliyopita. Nikachukua kile kisafu cha penseli cha Risasi nikakipima upya. Nyumba yake, pamoja na michango yake, toa deni la vitambaa, toa ada. Mara nne na nusu. Hajafika pale Ndugu Mshauri anaposema mtu wa umri wake awe, lakini yuko karibu, na ana miaka kumi na miwili mbele yake, na hakuna benki inayolijua jina lake. Ninyi wengine sijawapima. Mnajijua. Nawaona mnavyoangalia meza.

Risasi, mdogo wangu, sikiliza. Ulikuwa unajilinganisha na namba ya uongo. Ulitaka kufanya kama mimi. Haya, nimesimama mbele yako, nitazame vizuri, hivi ndivyo inavyokuwa. Ukiipeleka ile fomu, miaka kumi na miwili ijayo utasimama hapa, watakupa mbao yenye vanishi, na wifi yangu ataloweka kitu uani usichoweza kukitazama. Mimi ndiye shahidi wako. Shahidi ameiondoa saini yake. Nipe hiyo karatasi.

Usitazame kule kwa Mshauri. Nitazame mimi.

Najua unaona haya, watu wamejaa. Na mimi naona haya, mume wangu yuko hapa, wanangu wako hapa, yule mkubwa anajifanya anasoma simu. Haya haiui. Nimeipima.

Sawa. Sawa, baba, hujainuka, lakini mkeo ameinuka. Mpisheni, jamani, vuteni viti. Asante, wifi. Mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Ndiyo hiyo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hiyo sauti mnayosikia ni karatasi inachanwa na fundi cherehani, na huchana kwa kunyoosha kuliko sisi wote.

Ndugu Meneja, ngao yako hii hapa. Gramu mia saba na ishirini. Mizani ya jukwaa ile pale ukiwa na shaka. Ubao uko mahali pake, na chaki ipo. Mkitaka kulinganisha, linganisheni, ni jambo zuri, ila rudisheni safu ya ndoo kwanza, na anzeni na mtu wa tai nyekundu.

Nawashukuru mliokuja, nawashukuru mliokasirika, namshukuru mume wangu kwa kuvaa lile koti. Mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, na ninayarudisha bila deni. Chai ikishaisha, mtu asiguse sinki. Risasi, shusha mikono ya shati, uende nyumbani na mkeo, ukamwambie yule binti. Vikombe vya leo nitaviosha mimi.